Nakuru na Kisumu Zijifunze kwa Nani: Singapore, Cairo, Medellín, Curitiba au Ahmedabad?

Mpango Jumuishi wa Maendeleo unaotumika sasa katika kaunti zetu unakamilika mwaka 2027, na ule utakaoufuata ndio utakaoamua mahali pesa za umma zitakapoelekezwa kwa miaka mitano itakayofuata. Wakazi wa Nakuru na Kisumu wataalikwa kwenye vikao vya kutoa maoni, wataonyeshwa michoro ya majumba na barabara, na karibu kila mchoro utaambatana na jina la mji wa ng'ambo ambao tunaambiwa ulifanya vivyo hivyo ukafanikiwa. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi anayetaka kuingia katika kikao hicho akijua kila mji ulilipa nini ili kufika ulipo, ulikuwa na nini mkononi ulipoanza, na ni yapi kati ya hayo tuliyo nayo sisi.

Haja ya kuchagua ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika sensa ya mwaka 2019 mji wa Nakuru ulihesabiwa kuwa na watu 570,674 na Kisumu 397,957. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, miaka ishirini baada ya Kisumu, na Eldoret ikafuata Agosti 2024. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2018 kwamba asilimia 55 ya watu duniani waliishi mijini na kwamba watafika asilimia 68 ifikapo mwaka 2050, na karibu ongezeko hilo lote litakuwa Asia na Afrika. Mzigo huo hautabebwa na Lagos na Nairobi peke yao, kwa kuwa sehemu kubwa itaangukia miji ya kadiri yetu, ambayo haina bajeti ya jiji kuu wala haina wataalamu wa kutosha wa mipango.

Tunalo jambo moja la kutupa moyo. Miji mikubwa tunayoitazama kwa mshangao ilifanya maamuzi yake ya msingi ilipokuwa na ukubwa kama wetu au mdogo zaidi. New York ilichora barabara za kisiwa cha Manhattan mwaka 1811, ikiwa na watu wasiofika 100,000, na mchoro ule ulipita katikati ya mashamba hadi barabara ya 155, mbali sana na nyumba ya mwisho ya wakati huo. Curitiba nchini Brazil ilikuwa na watu takriban 600,000 mwaka 1970 ilipoanza kujipanga upya. Kwa hiyo hatujachelewa, ila dirisha la kuchagua haliachwi wazi siku zote, kwa maana kila shamba linalogawanywa kuwa ploti za hamsini kwa mia bila njia ya kupitisha bomba ni uamuzi uliokwisha kufanywa kwa niaba ya wajukuu wetu.

Katika kulinganisha nimetumia maswali matatu: ardhi ilikuwa ya nani, pesa zilitoka wapi, na maji yalitoka wapi. Sikuuliza mji upi unapendeza zaidi kwenye picha. Mji unaweza kupendeza sana na bado usitufae hata kidogo.

Singapore: nyumba za serikali kwa kila mtu

Singapore ndiyo hutajwa kwanza, na sababu yake ni nzuri. Mamlaka yake ya nyumba iliundwa mwaka 1960, wakati watu wengi waliishi katika mabanda na katika vyumba vilivyojaa kupita kiasi, na mwaka uliofuata moto mkubwa ukateketeza mtaa wa Bukit Ho Swee na kuwaacha maelfu bila makao. Leo karibu wananchi wanane kati ya kumi wanaishi katika nyumba zilizojengwa na mamlaka hiyo, na wengi wao wanazimiliki kwa mkataba wa miaka 99. Ni miji michache duniani iliyofuta mabanda kwa kasi kama hiyo.

Hata hivyo tuyatazame yale maswali. Sheria ya mwaka 1966 iliipa serikali ya Singapore uwezo wa kuchukua ardhi ya watu binafsi kwa fidia ndogo, na ikautumia uwezo huo bila kusita. Pesa za kununulia nyumba zilitoka katika akiba ya lazima ya wafanyakazi, ambayo tangu mwaka 1968 iliruhusiwa kulipia nyumba, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu watu wengi walikuwa na kazi ya mshahara wa kila mwezi. Sasa itazame Kisumu, ambako Manyatta na Nyalenda zimekaa juu ya ardhi ya umiliki binafsi iliyorithiwa, na ambako mama anayeuza samaki sokoni Kibuye hana hati ya mshahara ya kumwonyesha yeyote. Katiba yetu ya mwaka 2010 inalinda mali ya mtu na kudai fidia ya haki na ya haraka, na mimi binafsi nisingependa kuona kinga hiyo ikiondolewa. Nyumba za bei nafuu kama zile zilizojengwa Bondeni hapa Nakuru zina faida kwa familia zinazozipata, lakini ziliwezekana kwa sababu ardhi ilikuwa ya umma tayari, na ardhi ya namna hiyo iliyobaki katika miji yetu ni chache mno.

Lipo jambo la Singapore linalotufaa zaidi kuliko majumba yake, nalo halitajwi sana. Mji ule ulianza kuwatoza wenye magari ada ya kuingia katikati ya mji mwaka 1975, kabla barabara zake hazijashindikana kabisa. London ilingoja hadi 2003 na New York hadi 2025, na zote mbili zilipambana na upinzani mkali kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuegesha na kupita bure.

Cairo na Brasília: kuhamia mji mpya

Njia ya pili ni kuuacha mji wa zamani na msongamano wake na kujenga mwingine pembeni. Misri imekuwa ikijenga miji mipya jangwani tangu miaka ya 1970, na mwaka 2015 ikatangaza mji mkuu mpya wa kiutawala mashariki ya Cairo. Mingi ya miji ile ya awali ilibaki kwa miaka mingi na watu wachache kuliko waliotarajiwa, huku mitaa isiyopangwa ya Cairo ikiendelea kupanda juu na kula mashamba yenye rutuba ya bonde la Nile. Brasília, mji mkuu wa Brazil, ilifunguliwa mwaka 1960 ikiwa imechorwa kwa ustadi mkubwa, lakini wafanyakazi walioijenga hawakupewa nafasi ndani yake, na mji wa pembeni wa Taguatinga ulianzishwa kwa ajili yao mwaka 1958, kabla hata mji mkuu haujazinduliwa.

Sitakaa sana hapa. Anayependekeza mji mpya wa kisasa huko Naivasha, Kisian au kwingineko aulizwe swali moja tu: mpishi, mlinzi na mwendesha bodaboda watalala wapi usiku wa kwanza? Kama mchoro hauna jibu, mtaa wa mabanda utazaliwa pamoja na mji, na kaunti itakuwa na miji miwili ya kuhudumia badala ya mmoja.

Medellín na Karachi: kutengeneza pale watu walipo

Hapa ndipo Kisumu inapopata mwalimu wa kweli. Medellín, nchini Colombia, ilikuwa miongoni mwa miji yenye mauaji mengi zaidi duniani mwaka 1991. Mitaa yake maskini imening'inia kwenye miteremko ya milima, na serikali ya mji ilipoamua kubadilika haikuihamisha mitaa hiyo. Mwaka 2004 ilizindua magari ya kebo yanayopita hewani kutoka mtaa wa Santo Domingo hadi kituo cha treni bondeni, ikajenga maktaba, shule na viwanja katika maeneo yaliyokuwa yamesahauliwa, na mwaka 2011 ikaweka ngazi za umeme katika eneo la Comuna 13, ambako wazee walikuwa wakipanda mlima kwa miguu na mizigo yao.

Wageni huja na kupiga picha magari ya kebo, kisha hurudi kwao wakitaka kununua magari ya kebo. Sisi tusifanye hivyo. Nyalenda ni tambarare, na pale pana shida ya maji ya mvua yanayosimama, vyoo vya shimo vinavyofurika na njia zisizopitika wakati wa masika. Cha kujifunza kutoka Medellín ni chanzo cha pesa zake. Mji ule unamiliki kampuni ya umeme, maji na gesi inayoendeshwa kitaalamu, na sehemu ya faida ya kampuni hiyo huingia kila mwaka katika bajeti ya manispaa. Mitaa ilitengenezwa kwa fedha za kudumu zinazotoka ndani, na ndiyo sababu kazi iliendelea hata viongozi walipobadilika. Tena si kila kitu kilichofanyika kule kilidumu: maktaba iliyosifiwa kuliko zote, iliyofunguliwa 2007, ililazimika kufungwa baadaye kwa sababu jengo lenyewe lilikuwa na kasoro. Mabomba ya maji hayapigwi picha namna ile, lakini yaliendelea kutoa maji.

Karachi, nchini Pakistan, inatupa funzo la unyenyekevu zaidi. Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan alianzisha mradi wa Orangi, katika mtaa mkubwa uliokua bila mpango wala mfereji wa majitaka. Mradi uligawa kazi kwa namna ambayo kila mtu angeielewa. Wenye nyumba wa kila njia walichanga na kujenga choo chao na mfereji wa njia yao, wakisaidiwa na mafundi waliowafunza kupima mteremko na kuchanganya saruji, nayo serikali ikabaki na wajibu wa mfereji mkuu na mtambo wa kusafisha. Gharama ilishuka sana kwa sababu hakukuwa na mkandarasi wa kati, na kwa sababu mchoro ulirahisishwa hadi kiwango cha kazi ambayo fundi wa mtaa angeimudu.

Kisumu tayari ina mbegu ya jambo hilo. Katika Nyalenda, kampuni ya maji ya mji ilianza kuuzia vikundi vya wenyeji maji kwa jumla kupitia mita moja kubwa, navyo vikundi vikawa vinasambaza hadi majumbani na kukusanya malipo. Wauzaji wa mitungi waliokuwa wakipandisha bei kiangazi walipata ushindani, na mabomba ya wizi yakawa na watu wa karibu wa kuyaripoti. Kama utaratibu huo umewezekana kwa maji safi, sioni kwa nini usijaribiwe kwa majitaka, mradi kaunti ikubali kwa maandishi kwamba mfereji mkuu ni wake na hautaachiwa wenyeji.

Curitiba, Bogotá na Dar es Salaam: basi kabla ya treni

Mjadala wa usafiri katika miji yetu hupenda kuanza na treni za umeme na barabara za juu kwa juu. Curitiba ilianza na mabasi. Jaime Lerner, msanifu majengo aliyekuwa meya tangu 1971, alisimamia ujenzi wa njia maalumu za mabasi zilizoanza kazi mwaka 1974, na vituo vyake vya mviringo ambako abiria hulipa kabla ya kupanda vikafuata mwaka 1991. Siri ya Curitiba haikuwa basi lenyewe. Mji uliamua kwamba majumba marefu yajengwe kandokando ya njia hizo tu, na kwingine yabaki mafupi, ili abiria wawe karibu na basi na basi lisizunguke kuwatafuta. Njia na ploti zilipangwa pamoja. Ni haki pia kusema kwamba Lerner aliteuliwa wakati wa utawala wa kijeshi, kwa hiyo hakuhitaji kumshawishi mpiga kura kama gavana wetu anavyohitaji.

Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ilifungua mabasi yake ya TransMilenio Desemba 2000, chini ya meya Enrique Peñalosa, na kwa miaka michache yakawa mfano wa dunia nzima. Kisha upanuzi ukachelewa, watu wakaongezeka, na mabasi yakajaa hadi hasira za abiria zikawa habari ya kila mwaka. Dar es Salaam, iliyo karibu nasi zaidi, ilianza huduma yake ya mabasi yaendayo haraka Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na watu waliokuwa wakikaa barabarani saa nzima au zaidi waliona tofauti siku ile ile. Lakini karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na mafuriko yameiingia na kuharibu mabasi ya umma. Nakuru na Kisumu zilisome hilo kwa makini, kwa sababu Kisumu ina bonde la Kano na mito inayofurika, na Nakuru ina ziwa ambalo katika miaka ya hivi karibuni limepanda na kuwaondoa watu katika nyumba zao upande wa Mwariki na Barut.

Kwa miji yetu, ambako wengi huenda kwa miguu, kwa bodaboda, kwa tuktuk na kwa matatu, mimi ningechagua hatua ndogo zaidi ya mwanzo wa Curitiba: njia pana za waenda kwa miguu zenye kivuli, vituo vya matatu vinavyoeleweka, na akiba ya ardhi pembezoni mwa barabara tatu au nne kuu, ili siku basi la njia maalumu litakapohitajika pasiwe na ghorofa la kubomoa. Kisumu imeanza vyema kwa kutengeneza njia za miguu katikati ya mji. Nakuru bado inamlazimisha mtoto wa shule kugombania nafasi na bodaboda kwenye ukingo wa barabara, na jambo hili linaniuma kila ninapolitazama, kwa sababu njia ya miguu ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo zaidi ambavyo mji unaweza kujenga.

Tokyo na Ahmedabad: kukusanya ploti na kuzigawa upya

Nimeiacha njia hii mwishoni kwa makusudi, kwa kuwa haina jengo la kuonyesha na hivyo haifiki kwenye michoro ya wanasiasa, ilhali naona ndiyo inayotufaa kuliko zote.

Tatizo inalolitatua ni lile tunalolijua. Nje ya Nakuru, mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na vyama na kampuni za kununua ardhi baada ya uhuru, yakagawiwa wanachama, na sasa wanachama au watoto wao wanayagawa tena. Ukitoka mjini kuelekea Njoro, Ngata au Lanet utakuta ekari iliyokatwa ploti nane, kila muuzaji akiwa ameacha njia nyembamba inayoishia kwenye ua wa jirani. Kisumu ina tatizo hilo hilo kwa sura nyingine: mpaka wa mji ulipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 uliingiza ndani vijiji vyenye ardhi ya ukoo, na ukoo ukaendelea kugawa kwa urithi huku mji ukijengwa juu yake. Katika hali zote mbili ardhi ni ya watu wengi wadogo. Kuinunua yote kama Singapore haiwezekani, na kuiacha ijigawe yenyewe huzaa mitaa ambayo gari la zimamoto haliwezi kuingia.

Japani ilikutana na hali hiyo mapema. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 kuangamiza sehemu kubwa ya Tokyo, mji ulijengwa upya kwa utaratibu ambao wamiliki wa eneo moja huziunganisha ploti zao kwenye mchoro mmoja, kila mmoja hutoa sehemu ya ardhi yake kwa ajili ya barabara, mifereji na bustani, kisha kila mmoja hurudishiwa ploti iliyonyooka, ndogo kuliko ya awali lakini yenye barabara mbele yake. Ploti chache hubakizwa na kuuzwa ili kulipia kazi. Sheria maalumu ilipitishwa mwaka 1954, na karibu asilimia 30 ya maeneo ya miji ya Japani yamepitia utaratibu huo.

Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat nchini India, imefanya jambo lilo hilo katika nchi yenye kipato kinachokaribiana na chetu kuliko cha Japani. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1976 inairuhusu mamlaka ya mji kuchukua eneo la mashamba pembezoni, kuchora barabara na viwanja vya shule, kumkata kila mwenye shamba kwa uwiano ule ule, na kumrudishia kipande kilichopimwa upya. Kwa njia hiyo mji umepata ardhi ya barabara yake ya mzunguko bila kuwahamisha wakulima kwa nguvu. Baada ya tetemeko la mwaka 2001, mji wa Bhuj ulitumia utaratibu huo huo kupanua njia zake nyembamba zilizokuwa zimewanasa watu chini ya vifusi.

Chukua mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Majirani kumi wa Kiamunyi wana ekari moja moja. Wakitoa robo ya kila ekari, wanapata ekari mbili na nusu za barabara, mfereji wa maji ya mvua, bomba la majitaka na kiwanja cha watoto. Kila mmoja anabaki na robo tatu za ekari, lakini ploti atakazokata zitakuwa na lami au angalau murram, nguzo za umeme na njia ya bomba, na kila mkazi wa Nakuru anajua tofauti ya bei kati ya ploti iliyo kando ya barabara na ile iliyojificha nyuma. Anayepoteza ardhi anaongeza thamani. Kaunti nayo haijalipa fidia hata shilingi moja, na imepata barabara.

Ugumu upo na lazima usemwe. Kazi hii huhitaji hati safi, na katika familia nyingi hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Huhitaji mpimaji mwaminifu na afisa wa ardhi asiyeweza kununuliwa, kwa sababu anayegawa upya anaweza kumpendelea mtu kwa kumpa ploti ya kona. Nchini India mipango mingine imechukua miaka mingi kukamilika. Wapangaji hawana sauti katika hesabu hiyo, ilhali ndio wengi katika Rhonda, Kaptembwo, Obunga na Manyatta, na barabara ikija kodi hupanda. Kwa sababu hiyo ningependekeza utaratibu huu kwa mashamba ya pembezoni ambayo bado hayajajaa watu, na njia ya Orangi kwa mitaa iliyokwisha kujaa. Kuzichanganya mbili hizi mahali pamoja kutawaumiza wapangaji.

Swali la maji

Miji iliyosahau swali hili imelilipia kwa namna ambayo fedha haziwezi kurekebisha. Jakarta ilishindwa kuwafikishia wakazi wake maji ya bomba, watu na viwanda wakachimba visima virefu, na ardhi ya kaskazini mwa mji ikaanza kuzama huku bahari ikipanda. Mwaka 2022 Indonesia ilipitisha sheria ya kuhamishia mji mkuu Nusantara, katika kisiwa cha Borneo. Mexico City, iliyojengwa juu ya ziwa la kale, inazama kwa sababu hiyo hiyo, na sehemu ya maji yake hupandishwa kwa pampu zaidi ya mita 1,000 kutoka mabonde ya mbali. Cape Town mwaka 2018 iliwawekea wakazi kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku ili mabomba yasikauke.

Kati ya miji yetu miwili, Nakuru ndiyo iliyo hatarini zaidi. Inategemea visima kwa kiasi kikubwa, na maji ya chini ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ambayo tunaiona katika meno ya kahawia ya watoto wetu na ambayo kwa kiwango kikubwa hudhuru mifupa pia. Udongo wake wa majivu ya volkano hupasuka na kubonyea. Mji wa namna hiyo haupaswi kuruhusu maelfu ya nyumba mpya kuchimba kila moja kisima chake na choo chake cha shimo katika ploti ile ile. Kisumu ina ziwa mlangoni, na bahati hiyo inaweza kuwapumbaza watu, kwa maana ghuba ya Winam ndiyo inayotoa maji na ndiyo inayopokea uchafu, na gugumaji linanawiri pale ambapo majitaka yamerutubisha maji. London ilikuwa katika hali hiyo hiyo mwaka 1858, ikinywa kutoka mto Thames na kumwaga humo humo, na ilihitaji kiangazi cha uvundo hadi bungeni kabla mhandisi Joseph Bazalgette hajapewa pesa za kujenga mifereji mikuu.

Ningechagua hivi

Kama ningekuwa na kura moja Nakuru, ningeitoa kwa njia ya Ahmedabad katika mashamba ya kuelekea Njoro, Bahati na Lanet, nikidai kwamba kaunti isiidhinishe ugawaji wa shamba lolote ambalo mchoro wake hauonyeshi njia ya bomba la majitaka, na kwamba maji ya pamoja yaliyosafishwa floraidi yatangulie ghorofa mpya. Mamlaka ya kuidhinisha ugawaji tayari iko mikononi mwa kaunti kwa sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, kwa hiyo hatua hii haihitaji kungoja Nairobi.

Kisumu ningeipa mpangilio tofauti. Watu wake tayari wapo katika Manyatta, Nyalenda, Obunga na Bandani, karibu na katikati ya mji, na faida kubwa itapatikana kwa kuwafikia pale walipo: mfereji mkuu wa kaunti, mifereji midogo ya wenyeji, na vikundi vya maji vilivyokwisha kujithibitisha vikiongezewa kazi. Ugawaji upya wa ploti uanze Kanyakwar, Mamboleo na Otonglo, ambako bado kuna nafasi ya kupumua. Basi la njia maalumu lisubiri katika miji yote miwili, lakini ardhi yake itengwe sasa.

Na Kakamega, Bungoma, Busia na Mbale zisidhani kwamba mambo haya ni ya majiji tu. Magharibi ya Kenya ni miongoni mwa maeneo ya mashambani yenye watu wengi zaidi nchini, kiasi kwamba njia kati ya Luanda na Majengo katika kaunti ya Vihiga imekuwa karibu soko moja refu lisilo na mpango wa mji. Katika miji hiyo midogo bei ya ardhi bado haijapanda kama ya Milimani, wazee wanaojua mipaka bado wako hai, na mpimaji anaweza kumaliza eneo la ekari mia moja kabla halijageuka kuwa kesi mia moja mahakamani. New York yenyewe haikutenga bustani kubwa ya umma katika mchoro wa 1811, ikalazimika kuinunua ardhi ya Central Park kwa fedha nyingi tangu 1853. Bungoma ingeweza kutenga kiwanja chake mwaka huu.